Nairobi hadi Malindi kwa baiskeli: fuata migongo ya ardhi, waachie matrela barabara kuu

Kila anayeniuliza namna ya kwenda Pwani kwa baiskeli huwa ameshachora njia kichwani: atatoka mjini alfajiri, atapita Mlolongo, atashika Barabara ya Mombasa mpaka aione bahari. Ni kilomita 480 hivi, lami mwanzo mwisho. Namwomba aifute njia hiyo kabla hatujaongea lingine.

Barabara ile ndiyo inayobeba mizigo ya bandari kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na sehemu yake kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Matrela mawili yakipishana, nafasi inayokubakia ni ukingo wa lami uliomeguka, na chini ya ukingo huo kuna changarawe. Mimi niliwahi kutupwa nje na upepo wa trela tu, lenyewe halikunigusa. Niliinuka goti likivuja damu, nikakaa chini ya mti karibu nusu saa kabla mikono haijaacha kutetemeka. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta njia nyingine.

Ipo. Ina vilima vingi, inachukua siku tatu Ukambani, halafu unapanda basi kuruka Tsavo, halafu siku mbili za Pwani zenye minazi, mihogo na maembe pande zote mbili. Nimeipita mara kadhaa. Nitaieleza jinsi ninavyoipita mimi.

Hatua ya kwanza: panga mwezi kwa kufuata upepo

Watu hupanga kwa likizo. Wewe panga kwa upepo na mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba; miezi hiyo udongo wa kando ya barabara huwa tope na madaraja madogo hufurika. Inabaki miezi mizuri miwili mwanzoni mwa mwaka, na mingine kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba.

Hapo ndipo wavuvi wa Pwani wanapokusaidia. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Ukienda Julai au Agosti, endesha ufuo kutoka kusini kwenda kaskazini: kusi itakusukuma mgongoni hadi Malindi. Ukienda Januari, geuza: panda basi hadi Malindi kwanza, kisha ushuke na kaskazi kuelekea Kilifi. Kilomita 60 za upepo wa kifuani huchosha kuliko mlima, maana mlima una kilele na upepo hauna.

Mwongozo huu nauandika kwa msafiri wa Julai, ndiyo safari ninayoipenda. Nairobi ni baridi wakati huo, Ukambani jua halichomi sana, na Pwani kumepoa.

Hatua ya pili: baiskeli na miba

Huhitaji baiskeli ya bei mbaya. Baiskeli ya mlima ya mtumba, yenye gia zinazoingia bila kuruka na breki zinazoshika, inatosha kabisa. Mwambie fundi abadilishe vitu vitatu hata kama vinaonekana vizima: raba za breki, kebo zake, na cheni kama imelegea. Matairi yasiwe membamba kama ya mashindano wala yenye meno makubwa ya matope. Upana wa inchi moja na robo tatu hadi mbili ni sawa. Rimu ya nyuma ihesabiwe spoki moja moja kwa vidole. Iliyolegea hutoa mlio mzito kuliko wenzake, kama uzi wa gita uliolegea.

Sasa miba. Kuanzia Machakos kushuka chini, nchi ni ya migunga, na mwiba wa mgunga uliokauka hupenya tairi bila kuuliza. Kanuni yangu ni moja: usiisukume baiskeli chini ya mgunga hata kama kivuli kinakuita. Ibebe begani, au iache kwenye lami uende mwenyewe. Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Toa tyubu, ijaze upepo, ipitishe karibu na mdomo mpaka uhisi hewa. Kisha ipime juu ya tairi, valvu kwa valvu, ujue tundu limeangukia wapi. Hapo ndipo mwiba ulipo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu. Kitambaa kitanasa pale ncha ilipobaki. Mara nyingi ncha hiyo ni fupi kuliko punje ya mchele na huwezi kuiona kwa macho. Ukiiacha, tyubu mpya haitafika kilomita mbili.

Beba tyubu mbili, viraka visivyopungua kumi, gundi, msasa, pampu, spana za kukunja, spoki tatu za urefu wa gurudumu lako la nyuma, na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia tairi likichanika.

Hatua ya tatu: punguza mzigo, kisha ugawe

Safari yangu ya kwanza nilifunga kila kitu kwenye keria ya nyuma. Kabla ya kufika Wote spoki mbili zilikatika, gurudumu likaanza kucheza kama mlevi. Nilisukuma mpaka kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli chini ya mwembe. Aliipindua baiskeli, akazungusha gurudumu, akaniangalia.

"Mzigo wote umeuweka nyuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi gurudumu la mbele linakula bure."

Alitoa spoki kwenye gurudumu kuukuu lililotundikwa ukutani, akazipinda ncha kwa koleo, akazikaza robo robo huku akizungusha na kusikiliza. Hakuwa na chombo cha kupimia ila kucha ya kidole gumba aliyoiweka karibu na rimu: pale rimu ilipogusa kucha, alikaza upande wa pili. Ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na gurudumu lile halijacheza tena mpaka leo.

Tangu siku hiyo vitu vizito, yaani spana na maji ya akiba, naviweka mbele au katikati, nguo zinabaki nyuma. Jumla yake isizidi kilo kumi, ukiacha maji. Nguo jozi mbili, jaketi la mvua, sweta kwa ajili ya asubuhi, ndala, leso au kikoi (taulo, shuka na kivuli kwa pamoja), taa ya mbele na ya nyuma, na kizibao cha kuakisi mwanga ambacho hukivui ukiwa barabarani. Helmeti sihitaji kuieleza. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na beba pesa taslimu ndogondogo. M-Pesa iko kila mahali, lakini mama wa uji alfajiri anataka sarafu.

Hatua ya nne: jifunze kusoma migongo, Kiambu

Mwezi mmoja kabla, kila Jumapili, panda Tigoni. Toka Ruaka, pita Banana, endelea hadi Tigoni na Limuru. Utapanda karibu mita 500, kwani Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wenye kuanza kabisa waanze na vijia vya baiskeli ndani ya msitu wa Karura, ambako hakuna matatu ya kukubana.

Kinachofanya Kiambu kuwa shule nzuri ni umbo la nchi. Kutoka milima ya Nyandarua, migongo ya ardhi inashuka kuelekea kusini mashariki kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na kati ya kidole na kidole kuna mto. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole na kukuacha upumue. Barabara inayokata migongo, mfano ukitoka Tigoni kwenda Githunguri, inakutumbukiza bondeni, inakupandisha, inakutumbukiza tena. Kwenye ramani, barabara zote mbili huonekana fupi na nyoofu. Miguu ndiyo inayojua tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia yoyote, tazama mito kwanza. Ukienda sambamba nayo, umepata mgongo. Ukiivuka, hesabu idadi ya mito: kila mmoja ni mteremko na mlima. Mimi huzidisha muda wangu mara mbili ninapokata migongo, na sijawahi kukosea sana.

Nenda mapema, ukungu ukiwa bado. Chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza hapa nchini mwaka 1903, na mashamba yale bado yamefuata kila mkunjo wa ardhi. Ukisimama juu unaiona migongo kwa kuangalia mistari ya majani. Saa moja asubuhi wachumaji wanaingia na vikapu mgongoni, aproni za plastiki zinalowa umande, na mlio pekee unaousikia ni wa majani kukatwa kwa vidole. Kuna baridi ya kuuma masikio. Ukiweza kupanda huku huku ukiongea bila kuhema, uko tayari kwa Ukambani.

Kushuka nako kuna somo lake. Usishike breki mfululizo kutoka Limuru mpaka Ruaka. Rimu hupata moto na raba hupoteza nguvu. Finya, achia, finya, achia. Na keti nyuma kidogo ya siti.

Hatua ya tano: siku ya kwanza, Nairobi hadi Machakos kwa Barabara ya Kangundo

Toka Jumapili. Siku nyingine Barabara ya Kangundo hujaa matatu zinazoingia na kutoka steji bila taarifa. Saa kumi na mbili na nusu mwanga ukishatosha, anzia Outer Ring, pita Ruai, Kamulu, Joska. Mji unakatika taratibu, na upande wa kushoto Kilimambogo anajitokeza peke yake uwandani, mita 2,145, mara nyingi akiwa na kofia ya wingu. Tala iko kama kilomita 55 kutoka katikati ya mji. Hapo kula sawasawa: chapati na maharagwe, chai ya maziwa.

Baada ya Kangundo shika njia ya Machakos kupitia Mutituni. Vilima vinaanza kweli hapa, na hapa ndipo mazoezi ya Kiambu yanalipa. Utaona pande zote mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi. Ni matuta ya fanya juu: mkulima anachimba mtaro kufuata usawa wa kilima na kutupa udongo upande wa juu, mvua inajijengea ngazi yenyewe. Jina hilo la Kiswahili limeingia vitabu vya kilimo vya dunia nzima, nawe unalipita kwa baiskeli.

Lala Machakos. Gesti ni nyingi. Kabla ya kulipa, uliza kama baiskeli itaingia chumbani. Wengi hukubali ukiomba kwa upole na ukiifuta matairi mlangoni.

Hatua ya sita: Machakos, Wote, Makindu

Hizi ndizo siku mbili ninazozipenda kuliko zote. Unatoka Machakos kuelekea Katumani, palipotoka mahindi ya Katumani yanayowahi kukomaa kabla ukame haujayakamata, kisha Kola, kisha vilima baada ya vilima hadi Wote. Ni kilomita 70 hivi. Lami iko, malori ni machache, na kila kilele kinakuonyesha kilele kingine.

Maji ndiyo suala. Beba lita tatu mwanzoni mwa siku na ujaze kila unapopata nafasi. Kunywa kabla ya kiu, kila robo saa mafunda mawili matatu. Weka pakiti kadhaa za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile wanazopewa watoto wanaoharisha; moja mchana huokoa jioni. Pumzika kuanzia saa sita hadi saa tisa kwenye kivuli cha duka, siyo cha mgunga. Chakula cha huku ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hakuna kinachokaa tumboni vizuri kama hicho. Julai hukosi machungwa. Ukienda Januari utakuta maembe ya Makueni kando ya njia, na hapo itakubidi ujizuie.

Salimia watu. Mwendesha baiskeli mwenye mizigo na helmeti hushtua vijijini. Salamu huondoa shaka, na mara nyingi huleta maji. Watoto watakukimbilia mlimani, wengine watasukuma keria. Wakishika kwenye mteremko, waambie waachie mara moja.

Kutoka Wote hadi Makindu ni kama kilomita 65, na kwa jumla unashuka, ingawa upepo wa mashariki utakukuta usoni mchana. Ondoka mapema uumalize kabla haujaamka. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, ambalo hulisha na kulaza wasafiri wa dini yoyote bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe, na kula ulichochukua chote. Ukiweza, acha sadaka. Nilifika pale nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikapewa dengu za moto na chapati kabla hata ya kuulizwa jina.

Hatua ya saba: panda basi

Makindu unakutana tena na Barabara ya Mombasa, na hapa kiburi kiwekwe kando. Mbele kuna matrela yale yale, kisha kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya mbuga za Tsavo, ambako ndovu huvuka na simba wapo. Baiskeli haikupi kioo wala mlango.

Ongea na mawakala wa steji siku moja kabla, mkubaliane nauli ya baiskeli mapema na uijue kabla basi halijasimama. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga cheni kwa gazeti ili mzigo wa mwenzako usichafuke. Ilaze upande usio na gia chini. Simama ulione buti likifungwa. Waambie unashuka Mazeras, siyo Mombasa, urudie kumkumbusha utingo mkifika Mariakani. Lala hapo Mazeras.

Hatua ya nane: Mazeras hadi Kilifi kupitia minazi

Wengi huingia Mombasa mjini na kutoka kwa barabara ya Mtwapa, wakapambana na msongamano. Njia ya Kaloleni ni bora mara kumi. Kutoka Mazeras unaingia Rabai, ambako Johannes Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. Kuna makumbusho madogo, na huko juu vilimani ziko kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Usiingie kayani bila mwenyeji.

Vilima vya huku ni vifupi na vikali, vimejaa minazi. Mgema anapanda mti na kibuyu kiunoni, anakusalimia kutoka juu huku wewe unahema chini. Watu wazima waamkie shikamoo. Huku inajibiwa kwa moyo. Kaloleni nunua mahamri na mbaazi za nazi, halafu viazi vya karai vya njiani, halafu dafu moja la baridi kivulini. Mnazi mchungu, yaani pombe ya mgema, uache kwa jioni ya mwisho, baiskeli ikiwa imeegeshwa.

Baada ya Kaloleni barabara inashuka hadi Mavueni. Kabla ya kufika, harufu ya hewa inabadilika, inakuwa na unyevu na chumvi. Mavueni geuka kushoto, kilomita chache tu uko kwenye daraja la Kilifi. Shuka, isukume kwa miguu, uangalie mkono wa bahari pande zote. Mimi husimama katikati kila mara, na kila mara nashindwa kuondoka haraka.

Hatua ya tisa: Kilifi hadi Malindi

Ni siku nyepesi, kilomita 60 hivi za tambarare, kusi ikiwa mgongoni. Upande wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420, unakupa ndege wengi kuliko unavyoweza kuwataja. Barabara ni nyoofu na magari hukimbia, kwa hiyo kizibao na taa ya nyuma viwe kazini hata mchana. Simama Gede uone magofu ya mji wa Waswahili wa mawe ya matumbawe, kisha ukipenda kata kulia uoge Watamu. Malindi utaingia alasiri, na jua la jioni litakukuta kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498.

Kabla ya kufikiria kulala, osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Mchanga wa ufukweni na hewa ya bahari hula cheni kwa siku mbili. Ikaushe kwa kitambaa, itie mafuta tone tone kila kiungo, futa yanayobaki. Basi la Nairobi la usiku likate tiketi asubuhi yake, ufike steji saa nzima kabla, gurudumu la mbele likiwa limeshatolewa na gazeti jipya kwenye cheni.